Ukuta wa Mama Généreuse

Hindu: Haloo, nani huyo? Namba hii siijui.

Humoud: Asalaam aleikum, dada Hindu. Ni mimi, Humoud. Simu yangu imebaki chini ya matofali. Hii nimeazima kwa Wema, jirani yetu, na inite yake, pesa ya kupigia, ni kidogo.

Hindu: Waaleikum salaam. Nimesikia ukuta umeanguka huko Rumonge.

Humoud: Umesikia kwa nani? Hata saa mbili hazijapita.

Hindu: Habari zinafika hapa Bujumbura mbele ya basi. Uko muzima?

Humoud: Nimechubuka mukono tu. Fundi Kabwe ndiye amevunjika muguu. Niko hapa mulangoni pa hospitali.

Hindu: Hebu eleza, pole pole. Wewe muuza vitambaa, ulikuwa unatafuta nini kwenye jengo la Mama Généreuse?

Humoud: Leo Jumamosi, dada, siku ya kazi za pamoja. Katie nzima, mtaa wote, ilitoka kujitolea. Yule mama ziwa lilimeza nyumba yake, mwaka muzima anauza samaki wadogo, ndagala, akilala kwa watu. Ningebaki kitandani?

Hindu: Sikuuliza hivyo. Nauliza ukuta.

Humoud: Walinipa kazi ya kukoroga mchanga na sima, saruji ya kujengea. Mutu akachukua sepeto yangu. Nikaona muti umesimama pale mulangoni, nikafikiri wameshamaliza nao, nikauvuta nipate wa kukorogea—

Hindu: Ukauvuta.

Humoud: Kumbe ndio ulishika boriti ya juu ya mulango. Sima bado mbichi. Ukuta wote wa mbele ukashuka, na Kabwe alikuwa kwenye ngazi.

Hindu: Humoud, mimi na wewe ni tumbo moja. Niambie kweli. Ulifanya makusudi?

Humoud: Kwa nini unauliza hivyo?

Hindu: Kile kiwanja ni cha marehemu baba. Watu watasema—

Humoud: Watu bado hawajasema. Wewe ndiye wa kwanza. Hapana, wa pili. Polisi aliniuliza vile vile.

Hindu: Polisi? Na wewe ukamujibu nini?

Humoud: Kabwe alinijibia, akiwa amelala palepale chini. Alimuambia, huyu bwana anashika karai kama sahani ya pilau, makusudi atatoa wapi? Hata polisi akacheka.

Hindu: Basi yameisha.

Humoud: Dada, Alhamisi ulikuwa wapi?

Hindu: Alhamisi? Dukani, hapa Buja. Mbona?

Humoud: Siku nzima?

Hindu: Siku nzima, nakuambi— [mtandao unakwaruza] —sikusikii vizuri.

Humoud: Mimi nakusikia. Baada ya kucheka, polisi alitoa barua. Iko na muhuri wa komini, ofisi ya serikali, wa Alhamisi, na jina lako. Inasema jengo lisimame. Inasema baba hakumupa Mama Généreuse kile kiwanja, mimi ndiye nilitunga.

Hindu: Umeisoma?

Humoud: Nimeisoma. Ulifika Rumonge ukarudi bila hata kunisalimia.

Hindu: Ni wewe na yule mama tu muliosikia baba akitoa kiwanja. Hakuna karatasi, hakuna shahidi mwingine. Wewe ungekuwa mimi, ungeamini?

Humoud: Ningekuja kuuliza. Sasa polisi anaona tumepatana, dada anaandika, kaka anabomoa. Amesema Jumatatu asubuhi nifike na wewe, la sivyo ananifunga. Na kuna jambo limeniuma kupita hilo.

Hindu: Lipi?

Humoud: Mama Généreuse alikuja hapa na uji wa Kabwe. Hakunigombeza. Ameshasikia habari ya barua. Aliniuliza kwa sauti ndogo, nyinyi watoto wa marehemu munanitaka pale ama hamunitaki? Nikaangalia viatu vyangu vyenye sima.

Hindu: Kwani yeye ni nani kwa baba? Ndilo linanisumbua. Muuza ndagala, si ndugu, si dini yetu, anapewa ardhi na mutu anayekata roho.

Humoud: Wiki tatu baba akiumwa, yeye alimupikia. Mimi nilikuwa dukani, wewe uko Buja. Usiku ule wa mwisho mukono wa baba ulikuwa ndani ya mukono wake.

Hindu: Mimi nilikuwa njiani. Mvua ilikata barabara pale Kabezi, unajua. Nimelala kwenye gari, simu imezima, nikafika mumeshazika.

Humoud: Najua.

Hindu: Hujui. Nilifika nikakuta kila mutu ameshaambiwa neno lake la mwisho, isipokuwa mimi. Halafu neno lenyewe ni kiwanja. Jina langu halikuwemo.

Humoud: Lilikuwemo. Kila gari ikipita alikuulizia. Hindu amefika? Mimi nilikuwa nalia, sikuweza kujibu. Mama Généreuse alijua barabara imekatika, lakini ndiye alimujibu kila mara: yuko njiani, mzee, ameshapita Kabezi.

Hindu: Ameshapita Kabezi?

Humoud: Mpaka alfajiri. Baba akalala na neno hilo.

Hindu: Kwa nini hukuniambia?

Humoud: Ulifika na hasira. Niliogopa utafikiri nimetunga na hilo.

Hindu: Ningefikiri hivyo, kweli.

Humoud: Dada, simu inalia, inite inaisha. Nimuambie nini polisi?

Hindu: Usimuambie kitu. Mimi nitaongea. Kesho napanda basi ya kwanza. Jumatatu tunaenda wote komini, barua ile naiondoa kwa mukono wangu.

Humoud: Na kesho ukifika utashukia dukani kwangu?

Hindu: Hapana. Ningoje parking, pale basi zinaposimama, unipeleke kwa Mama Généreuse. Nataka anisimulie ule usiku tangu mwanzo, na wewe usimukatize.

Humoud: Sawa, dada. Nitakungoja pa—

Hindu: Na Humoud, nisamehe. Haloo? Umesikia? Haloo?