No Suban

Benchi la Bi Siti liko Kilwa Masoko, njia ya kushukia gatini. Asubuhi ile Twalib alilifikia kabla kahawa haijachemka, akaamkia, akakaa bila kuomba kashata. Kazi yake ni kuwavusha wageni kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Saa nne angepokea Wahispania kumi na mmoja, naye hakuwa na raha. Mwezi uliopita Mhispania mmoja wa kundi lake alipanda ukuta wa gofu, jiwe likachomoka. Ofisi ikamwambia Twalib kwamba akipanda mwingine, arudishe kitambulisho. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amewakataza, tena kwa lugha yao.

— Uliwaambiaje? aliuliza Bashiru. Kijiwe kinamwita VAR, kwa kuwa kila ubishi huutazama upya kabla ya kutoa hukumu.

— No suben.

— Wakafanyaje?

— Waligeuka kutazama nyuma. Mmoja akapanda.

Salumu akakohoa. Huyo ndiye Balozi: ujanani alikuwa baharia, meli yao ikakaa siku nne katika bandari ya Hispania, na kijiwe kimezisikia siku hizo kwa miaka ishirini. Alisema kosa ni sauti. Mhispania hajui amekatazwa mpaka ile "no" ivutwe. Akaivuta, mbuzi aliyekuwa jirani akaondoka. Twalib alisema aliivuta pia. Basi Balozi akageuza: kule wanawake hukatazwa kwa "e" na wanaume kwa "a". Bi Siti akauliza wakiwa wamechanganyika hukatazwaje. Balozi akaomba aongezewe kahawa.

Twalib akatoa simu. Jana alimwandikia Inés, kiongozi wa msafara wa leo, kumwuliza alikosea wapi. Jibu lilikuwa kwamba "no suben" maana yake ni "hawapandi".

Kijiwe kilicheka mpaka vikombe vikatikisika.

— Kumbe uliwasomea taarifa ya habari, alisema Bi Siti. Wamegeuka kuwatafuta hao wasiopanda.

Twalib naye alicheka, ila mkono wake ulikuwa umeshika kitambulisho. Chini ya jibu lile Inés aliandika mistari mitatu, wa kuingia, wa kula na wa kupanda, kila mmoja na katazo lake, naye akaisoma: entran, no entren, comen, no coman, suben, no suban. VAR akataka marudio. Akasomewa tena.

— Wanabadilishana jezi, alisema VAR. Mwenye "a" anavaa "e", mwenye "e" anavaa "a". Ukiona wamebadilishana, ujue umekatazwa.

Balozi alikataa. Taifa zima haliwezi kuendeshwa hivyo.

— Wewe unasema panda, alisema Bi Siti. Ukikataza?

— Usipande.

— Ile "a" imekwenda wapi?

Balozi akatazama ndani ya kikombe.

Wageni waliingia gatini kabla hajaipata. Wawili walikimbilia ukuta mfupi wa gati wapige picha, mguu mmoja tayari juu. Twalib alisimama. Hakuvuta sauti.

— No suban.

Miguu ikashuka. Mmoja wao akaomba radhi. Kijiwe kilipiga makofi kama kimefunga bao, na Twalib akakiachia kitambulisho kikaning'inia kifuani, akaagiza kashata mbili.

Inés alikuja benchini akicheka. Alikuwa akijifunza Kiswahili kwenye simu, akataka kukijaribu.

— Panda, usipande. Kaa, usikae. Jibu, usijibe.

— Usijibu, walisema wote kwa pamoja.

— Kwa nini?

Twalib alimtazama VAR. VAR akamtazama Balozi. Balozi akasema kule bandarini… akaishia hapo. Inés alisubiri, kalamu mkononi, akiwaangalia mmoja mmoja kwa heshima.

Bi Siti aliinamisha birika. Likatoa matone mawili.

— Basi msijibu, aliwaambia. Kahawa imekwisha.