Zamu ya Ibrahimu Kuonyesha Kwao

Alhamisi jioni, benchi la nje ya duka la chai pale Al Sadd, huku Uarabuni tunakofanya kazi, lilikuwa na wenyewe: Wanjohi wa kompyuta, tunayemwita Profesa; Kwamboka muuguzi, jina lake la kijiweni Sindano; na Athumani, mlinzi wa hoteli, Mzee wa Geti. Akaja Ibrahimu, dereva, akakaa na chai yake asiinywe. Chumbani kwake mtaa wa Muaither anaishi na Wahindi watatu, Wamalayali kutoka Kerala. Kila Alhamisi mmoja huchagua filamu ya kwao, wenzake waone nyumbani kwake pakoje. Leo zamu ilikuwa yake.

— Wamenionyesha mpaka bibi zao wanavyokuna nazi. Nami niwaonyeshe kwetu Pangani. Nipeni filamu moja tu.

— Buda, usishindane na Kerala kwa filamu, — alisema Wanjohi. — Kule mvua hainyamazi. Watu wanajifungia ndani, wanapiga stori, mmoja anarekodi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wacha, Profesa! Kwani Kisii hakunyeshi? — Kwamboka alimkata. — Siri ni manesi. Wodini kwetu nusu ni wa Kerala. Kila mwongozaji ana dada nesi anayempigia simu akilia. Hadithi inajiandika. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

— Nyote mmepotea, — alisema Athumani. — Ni ile shuka wanayojifunga. Mtu wao akitaka kupigana anaikunja kiunoni, ukumbi mzima unajua. Sisi tulipovaa suruali, hadithi zikaisha.

— Pangani tunavaa msuli, Mzee.

— Mnavaa, lakini hamkunji!

— Jamani, filamu!

— Wape zile zetu za majumba ya ghorofa, — alisema Kwamboka.

— Zile mke analala na viatu virefu! Wakiniuliza mama yangu ni yupi?

— Sema ni yule anayefungua geti, — alijibu Athumani.

Shani, yaya wa familia moja ya Umm Salal, alikuwa amesimama kando akingoja chai yake. Hatukuwahi kumwona hapo; jina na kazi yake tulivijua baadaye.

— Samahanini kaka zangu, na wewe dada. Filamu ya kwenu mliyoitazama mara ya mwisho ni ipi?

Wanjohi alichukua kikombe chake. Akanywa chai.

Simu ya Ibrahimu ikaita. Wenzake walikuwa wameshatandika mkeka. Walitaka jina la filamu tu, waitafute.

— Waambie mtandao umekatika, — Athumani alinong'ona.

Ibrahimu aliinuka, akaipokea.

— Wekeni ile yenu yenye mto, — alisema. — Hata Pangani tuna mto; nitawaonyesha kwetu humo humo.