Nyamizi Alikuwa Anachemsha Maji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji cha Mwankuba, viongozi wa dini, watumishi wenzangu wa zahanati, wageni mliotoka Lagangabilili na Bariadi, na ninyi wazazi wangu wa bonde la chini, ambao siku zote mnatajwa mwisho lakini leo mmekaa mbele: mwangaluka.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Mwenyekiti, miaka ishirini na sita nimewakalisha kwenye foleni ya zahanati, ukiwemo wewe, kwa hiyo leo na wewe utanivumilia.

Tumekuja kufungua kisima kirefu, na Ijumaa hii mimi, Nesi Mektilda, ninastaafu. Mshereheshaji ameniomba nizungumzie mafanikio yangu. Nitazungumzia kosa langu, maana bila kosa hilo hamtaelewa kwa nini kisima kimechimbwa huku chini, na si kule juu kwenye nyumba za bati.

Mnajua tulivyokuwa. Mto ukikauka, kila mtu anafukua mchanga na kuchota. Wenye ng'ombe wengi wanakaa juu, wenye mbuzi watatu wanakaa chini, na josho la kuogeshea mifugo lilikuwa katikati. Kila mwaka kabla ya mvua tulikuwa tunalikomba josho ili litiwe dawa mpya. Ile ya zamani tulikuwa tunaimwaga wapi? Si hapo hapo mtoni? Tulisema mchanga utachuja. Kamati ya josho ilikuwa na watu tisa, wote wa juu. Wa chini nani aliwauliza?

Mwaka juzi mwezi wa kumi, Nyamizi, mke wa Mwandu, aliniletea mtoto wake Sayi mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anatapika, anaharisha, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Nikamwuliza mama kama anachemsha maji. Akasema anachemsha. Nikamwambia aache uongo. Yale mate yalitakiwa kunishtua, maana kuharisha kwa kawaida hakumtoi mtoto mate, na niliyaona kwa macho yangu, lakini nilikuwa na jibu langu tayari.

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama nikamtaja Nyamizi kwa jina. Nikasema kuna kina mama wavivu wa kuni na ndio wanaotuulia watoto. Mkanipigia makofi. Nami nikaenda nyumbani nimejaa, nikijiona nimefanya kazi.

Ukoo wa Mwandu haukungoja. Wakamrudisha Nyamizi kwao Binza, kule Maswa, na mtoto wakabaki naye. Mama mkwe wake, Mayu Esteria, akawa ndiye anayemlea Sayi, na maji akawa anachemsha yeye. Mtoto akazidi kuumwa.

Siku alipomleta zahanati, Mayu Esteria hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni, mtoto amelegea mgongoni, akaniambia, "Nesi, maji haya nimechemsha mimi, kwa kuni zangu. Haya, niandike na mimi mvivu."

Jamani, nilimpokea mtoto mgongoni kwake. Tulimkimbiza Sayi Bariadi, na daktari alipomwona tu akauliza mtoto amekula sumu gani. Alilazwa siku kumi na moja. Siku hizo sikulala vizuri hata moja, na sioni aibu kuwaambia kwamba nililia.

Wakati mimi nalia, Mayu Esteria alikuwa kazini. Alichana khanga yake vipande, akapita na kina mama wa bonde, na kila kaya yenye mtoto aliyeugua wakafunga kipande langoni. Hakuna mtaalamu aliyewatuma. Kisha wakaniita, wakanitembeza kandokando ya mto kuanzia chini. Khanga, khanga, khanga. Tulipolipita josho, hakukuwa na khanga hata moja. Sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Mheshimiwa Diwani, ulitusikiliza, nakushukuru. Wataalamu wakaja, wakachukua maji, na majibu yakasema ni dawa ya josho. Dawa ile haiondoki kwa kuchemsha, hata ungemaliza kuni za Itilima nzima. Mwandu naye, kwa hiari yake, alisimama mbele ya wazee akasema mwaka ule aliyeshika ndoo ya kukombea josho ni yeye. Lile josho tumelifunga. Jipya liko mbali na mto, lina shimo lake lililosakafiwa, na kamati yake sasa ina watu watano wa chini. Jumanne nimepokea vipimo vya watoto wote wa bonde: wazima. Sayi anakimbiza kuku. Nimepumua, ndugu zangu; kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nimepumua.

Lakini Nyamizi alikuwa bado Binza. Nilimfuata, nikapiga magoti uani kwao, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kiti, akasema: "Nesi, samahani ya uani siitaki. Nilisemwa mbele za watu, nisafishwe mbele za watu."

Leo amekuja. Amekaa pale, karibu na Mayu Esteria, na Sayi yuko mapajani kwake.

Wazee wa ukoo wa Mwandu, na ninyi nyote mlionipigia makofi siku ile, nisikilizeni vizuri. Nyamizi alikuwa anachemsha maji. Hakusema uongo, wala hakuwa mvivu. Aliyekosea ni mimi.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya amekubali kutokata utepe. Nyamizi, mwanangu, kama niliyosema yametosha, njoo ufungue bomba. Kama hayajatosha, kaa hapo hapo, nitarudia.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu.