Mama Hajaambiwa

Khavere: Haloo? Nani huyo? Nasikia mvumo tu.

Luseno: Ni mimi, sista. Luseno. Ulifika salama?

Khavere: Asubuhi. Niko hapa kwetu Malava, wanachimba kaburi. Nyinyi mko wapi?

Luseno: Bado mochari.

Khavere: Bado? Luseno, watu wanangoja—

Luseno: Jeneza liko ndani ya gari. Githinji dereva anapiga honi. Lakini Mama hajaambiwa.

Khavere: Na Anko Andati? Hiyo si kazi yake?

Luseno: Amekwama kule Tassia, simu haishiki. Watu wetu wote walitangulia na basi.

Khavere: Hawezi kutolewa hivyo. Lazima aambiwe safari imeanza. La sivyo mwili utafika huku, mwenyewe abaki Nairobi.

Luseno: Ndiyo maana nimekupigia. Nimeweka simu juu ya jeneza. Ongea naye.

Khavere: Mimi?

Luseno: Wewe ulikaa huko mpaka darasa la tatu. Mimi ni wa Shauri Moyo, hapa Nairobi, sina hata neno la lugha ya kwetu.

Khavere: Mwambie kwa Kiswahili.

Luseno: Kiswahili kilikuwa cha kuongea na sisi na mwenye nyumba. Uliwahi kumsikia akiomba Mungu kwa Kiswahili?

Khavere: Hapana.

Luseno: Githinji anasema tukishindwa atamwambia kwa Kikuyu. [Kicheko kifupi.] Ongea, sista.

Khavere: Mama... Mama...

Luseno: Tunakusikia.

Khavere: Siwezi. Nikifungua mdomo nauona ule mfupa.

Luseno: Mfupa gani?

Khavere: Wa ng'ombe. Ukiongea lugha ya nyumbani shuleni, mwalimu anakuvisha shingoni. Siku moja nilikuja nao nyumbani. Mama aliutazama, akapakua chakula. Ulipozaliwa akasema huyu hatasikia hata neno moja la kwetu, asije akauvaa mfupa.

Luseno: Hakuwahi kuniambia.

Khavere: Angekuambia kwa lugha gani?

Luseno: Nikapata A ya Kiingereza.

Khavere: Ukapata. Alizunguka ploti nzima, mlango kwa mlango, akitangaza.

Luseno: Alinifunga mdomo kwa upendo, sista. Sasa nimesimama mbele yake na A yangu, kama bubu.

Khavere: Umelia?

Luseno: Hapana. Wewe?

Khavere: Bado. Nimemenya viazi.

Luseno: Basi nipe mimi. Wewe sema polepole, mimi nimwambie. Haraka, kredo ya simu inaisha.

Khavere: Gusa jeneza kwanza. Umegusa?

Luseno: Nimegusa.

Khavere: Sema, "Mama, khutsie." Ni "twende" hiyo.

Luseno: Mama, kutsie.

Khavere: Khu. Itoe kooni.

Luseno: Mama, khutsie.

Khavere: Umesema kama yeye.

Luseno: Endelea. Twende wapi?

Khavere: Nyumbani. Sasa sema, "Mama, khutsie—"

Luseno: Mama, khutsie... Haloo? Khavere? Nyumbani ni nini? Khavere? [Simu imekatika.] Mama, khutsie... [Honi.] Githinji, washa tu.