Mmea wa Mpaka Hauna Miguu

Fungeni mlango wa jikoni, wanangu, muuache wazi huu wa barazani, kisha kila mmoja akae mahali ninapoweza kuiona mikono yake. Alban, wewe mkubwa, kaa hapo miguuni pangu. Verlyn, acha kulia, binti yangu, machozi hayo yatahitajika kaburini, usiyamalize leo. Ansel, kitinda mimba wangu, weka chini hilo bakuli la supu, tumbo langu limeshafunga duka. Na wewe Rawle, mume wa binti yangu, usisimame mlangoni kama mtu anayengoja feri ya Trinidad. Njoo ukae kwenye kiti hiki cha karibu, kwa sababu nimekushuku tangu siku uliyokuja kuposa, na sioni kwa nini nikuache nyuma ya mgongo wangu siku ninayokufa.

Nisikilizeni bila kunikatiza, maana pumzi yangu sasa ni kama maji ya tangi mwezi wa Aprili, kiangazi kikiwa kimekaza, ukifungua bomba husikia upepo kwanza.

Ardhi hii, kuanzia barabara ya juu penye kanisa la Wamoravia, kushuka kwenye mishelisheli ya babu yenu, kupita tangi la saruji, hadi mchangani pale wavuvi wanapoanika juya, ule wavu mkubwa wa kuvutwa na watu wengi, si yangu. Haikuwa ya baba yenu Theophilus wala haitakuwa yenu. Ni ya ukoo. Wafu waliolala pale juu wana fungu lao, shangazi zenu walioko London wana fungu lao, na mtoto ambaye hajatungwa mimba naye ana lake. Ndiyo maana haiuziki. Anayetaka kuiuza aende kwanza makaburini akaombe saini. Nyinyi mnayo haki ya kujenga, kupanda magimbi, kula shelisheli, kuzikwa, basi. Vitovu vyenu vyote vimezikwa hapa, kila kimoja na mnazi wake, na wa Verlyn ndio ulioinama, kama mnavyoujua.

Sasa nitasema lililonifanya niwaite.

Upande wa kusini tunapakana na watu wa marehemu Hezron. Mpaka wetu ni ile mimea ya majani mekundu inayoshuka kilimani hadi pwani, na hakuna mtu wa Ghuba ya Lamborde aliyewahi kudai ushahidi mwingine. Baba yenu na Hezron waliipanda pamoja, kila mmoja ameshika shina kwa mkono wake, na walipomaliza wakachoma shelisheli moja, wakaipasua juu ya mstari wenyewe na kuila wakitazamana. Ndivyo tunavyopanda mpaka hapa. Mmea uliopandwa na mkono mmoja si mpaka, ni ua la bustani.

Hezron amekufa, watoto wake wameuza kwa watu wa hoteli, nao wana haki yao, sina neno. Lakini mwaka huu, kabla ya Kwaresima, nilipokuwa bado nashika fimbo na kufika barazani, nilitazama chini nikaona majani mekundu yamenikaribia. Nikajiambia ni macho ya uzee. Kesho yake Ianthe, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuja kunisuka, akatazama nje, akanyamaza, na mnajua Ianthe kunyamaza kwake ni ugonjwa.

"Dada Eudora," akasema, "mimea yako inatembea?"

"Mmea wa mpaka hauna miguu, Ianthe."

"Basi imepanda teksi. Jana ilikuwa ng'ambo ya kibanda cha juya, leo iko upande huu."

Nikamtuma akaangalie. Akarudi akasema kweli, mimea ya chini, ile ya karibu na bahari, imesogezwa kuja kwetu, na kibanda, na gogo la kuburutia mashua, na ufuko wote tunaovutia juya, vimebaki upande wa hoteli. Na mpima ardhi anakuja baada ya Pasaka, naye akifika atafanya kama wapimaji wote wa kisiwa hiki, atauliza majani mekundu yako wapi.

Wanangu, nilifikiri sana. Mgeni angetaka kutuibia angesimamisha nguzo za chuma na seng'enge. Mgeni hajui kwamba sisi hatuliulizi jani jekundu swali lolote. Aliyefanya hivi amezaliwa kati yetu, au ameoa kati yetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nikaanza kuikagua nguo yangu.

Nilikushuku wewe, Alban, kwa sababu siku zile ulianza kuniamkia kabla ya kula, na tangu utoto hujawahi kumsalimu mtu kabla ya kula. Nikakushuku, Verlyn, uliyeshuka kwenye feri katikati ya mwaka jana ukasema umenikumbuka, kisha ukawa unatazama mapazia yangu kama mtu anayeyapima. Rawle, wewe nilikushuku bila kuhitaji sababu, ila ulinipa moja mwenyewe Krismasi, ulipozunguka ua wote kwa hatua ndefu, nikakuuliza unapima nini, ukajibu, "Nashusha tu nyama niliyokula, Mama." Nyama gani ya kushushwa hadi ufukweni na kurudi?

Na wewe, Ansel. Wewe sikukushuku. Nilisema huyu ndiye aliyebaki nami wenzake walipoondoka, huyu ndiye anayenigeuza kitandani. Niliona tu kwamba supu imekuwa na nyama nyingi kuliko kawaida ya nyumba hii.

Nikawategea. Msinitazame hivyo, mama wa watoto watatu na mkwe mmoja lazima ajue kutega.

Mnajua, au mlijua mkasahau, kwamba mmea huu ukiukata shina na kulichomeka popote, hushika hata kwenye kokoto. Kwa sababu hiyo watu wetu wote hufanya kosa lile lile, huona shina limeshika huku wakadhani limehama. Halihami. Mzizi mama hubaki chini ulikopandwa, mnene kama gimbi, hulala kiangazi chote kama mfu, na mvua ya Juni ikishuka hutoa jani jekundu pale pale. Basi nilimwita kila mmoja wenu peke yake, nikamshika mkono, nikamnong'oneza kwamba mzizi wa kweli uko mahali fulani, na mvua itautoa, asimwambie mtu. Alban, nilikuambia uko nyuma ya gogo la mashua. Verlyn, nilikuambia uko kwenye jiwe la kufulia. Rawle, nilikuambia uko kwenye mfereji unaotoka tangini. Ansel, nilikuambia uko chini ya mzabibu wa bahari, ule wa pembeni. Wote mkaitika kwa nyuso za kanisani, nami nilijua mwenye hatia hatangoja mvua, atakwenda kuung'oa.

Jumapili ya Matawi mlikwenda ibadani, au mlisema mnakwenda. Mimi nililala hapa, nikitazama kwa dirisha hili, na sikuwa na la kutazama ila kuku. Nikawaona wanashuka, mmoja mmoja, kisha mbio, wote wakajaa chini ya mzabibu wa bahari wakiparua. Kuku wangu hawajawahi kwenda kule, ardhi ni ngumu na chumvi. Kuku hufuata udongo uliofukuliwa.

Ianthe alipotoka kanisani nikamtuma tena. "Kuna shimo limefukiwa, Dada," akasema, "na juu limefagiliwa kwa tawi. Aliyefukia ni mtu msafi."

"Amefunzwa na mama yake," nikamjibu, na siku hiyo sikula.

Kaa chini, Alban. Hakuna ngumi katika chumba ninachofia. Verlyn, mshike kaka yako. Ansel, usiinuke. Nimesema usiinuke. Unasemaje? Sema kwa sauti, sikio hili limeshatangulia.

Najua. Najua watu wa hoteli walikuahidi mashua yenye sakafu ya kioo, uwapeleke wageni kwenye miamba wakaone samaki. Najua ulisema wewe ndiye uliyebaki, wewe ndiye uliyejinyima usingizi kwa ajili yangu, na wenzako watakuja na nguo nyeusi kula sawa na wewe. Hilo si uongo, na Alban na Verlyn walisikie pia. Lakini mwanangu, wageni wangewatazama samaki kwa kioo, na watu wa mji huu wangewala wapi? Kome la kuitia watu likipulizwa pale pwani, wanashuka wote, mwalimu na mlevi, na kila anayeshika kamba ya juya hupata fungu la kolekole, hata mkongwe aliyeigusa kwa vidole viwili. Baba yenu alipozama wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Sikuwa na nguvu ya kuvuta. Nilikuwa nasimama tu na kuishika ile kamba, nao walikuwa wananipa fungu la mwanaume mzima, na hakuna aliyewahi kunitania. Mifupa yako imejengwa na ufuko uliotaka kuutoa.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Haya ndiyo ninayousia. Mpima ardhi akija, mwambieni arudi mvua ikishanyesha. Atanung'unika, mpeni ugali wa bamia na samaki, atarudi. Mvua ikinyesha, msichimbe, ngojeni. Jani likitoka, hapo ndipo. Waiteni watoto wa Hezron, na mtu wa hoteli pia aje na kofia yake, Ansel achimbe shimo mbele ya wote kwa mikono yake, na wote mshike shina, kila upande. Chomeni shelisheli. Mkishaila, neno mwizi lisitajwe tena katika ukoo huu, si barazani, si kwenye kilabu cha ramu, si siku mnayogombana. Na ile mimea iliyochomekwa mahali pa uongo ing'oeni, mkaipande juu ya kaburi langu. Itanifaa.

Alban, kibanda cha juya na nyavu uvitunze, wala usimwambie mtu kwamba ni vyako. Verlyn, mapazia ni yako, chukua, ulishayapima. Ansel, chumba hiki ni chako na kitanda hiki, na usikihame kwa aibu. Aibu ni kama mawimbi ya Januari, huvunja mashua ya anayekimbia.

Na kuilinda ardhi, kukaa na wapimaji, kujibu barua za shangazi za London, ninamkabidhi Rawle.

Ndiyo, Rawle. Nyamazeni. Yeye aliambiwa mahali kama nyinyi, hakugusa hata kokoto. Na zaidi ya hayo, hakuna hata mmoja wenu anayemwamini, kwa hiyo mtamtazama mchana kutwa, naye anajua anatazamwa. Mtu anayeaminiwa ndiye aliyetusogezea mimea. Nataka anayeshukiwa. Usinishukuru, mkwe wangu, sijamaliza kukushuku, nimeishiwa muda tu.

Sogeeni sasa. Sauti inakwenda.

Mungu awape bahari isiyo na hasira, na kamba isiyokatika, na majirani wanaokula nanyi juu ya mstari. Asimwache mmoja wenu alale nje ya nyumba hii kwa kukosa mlango. Awafungue... awafungue mikono yenu.

Ansel, nipe mkono. Huo huo. Usiuvute. Una udongo bado kwenye kucha, au ni macho yangu. Wewe nakubariki kwanza, kwa sababu wewe ndiye mwenye njia ndefu, unahitaji kutangulia. Wenzako... wenzako baada yako.

Na ule mzizi... hauko popote nilipowaambia. Baba yenu alinionyesha... uko pale... Rawle, inama, nikwambie wewe peke yako.

Hapana. Rudi kitini. Nimeghairi. Mvua itasema.

Dirisha msilifunge. Niwaone kuku.