Daktari Mkimbizi na Mtoto wa Badiru

Jioni ile, kwenye benchi la kahawa la Kasese karibu na reli mpya, Badiru dereva wa lori alifika na shida. Mwanawe Musitafa alikuwa amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hata kucheza hataki. Daktari wa Kizungu, mwanamke, alikuwa ameomba ruhusa ya kumpima damu. Badiru akalipeleka jambo benchini, na ukilipeleka jambo pale utarudi nalo limezaa.

Yonasani, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaanza.

— Ule mama ni mukimbizi. Vita ilimutoa kwao Polandi, ikamutupa kwa kambi ya Masindi. Nilikuwa nauza mahindi pale, nilimuona. Alikuwa mutoto mukonde. Dada yake njaa ilimumaliza njiani.

— Na sasa ni daktari? akauliza Kasim Breki, mwenye kusimamisha kila habari.

— Alienda Ulaya, akasoma. Anapima damu, anajua chakula gani inakosa mwilini.

Kasim hakukubali. Kwa akili yake mkimbizi hasomi. Yule lazima alikuwa binti wa mfalme, aliyetoroka na dhahabu ndani ya mkate. Redio, asiyependa kupitwa, akasema basi dhahabu hiyo ndiyo aliyoyeyusha kutengeneza sindano. Kahawa ya pili ilipofika, mama wa watu alikuwa tayari anasafirisha damu Polandi kwa mabehewa, kumfufua dada yake. Badiru akaapa mwanawe haguswi.

Ndipo daktari mwenyewe akatokea, viatu vimejaa vumbi, akasalimia kwa Kiswahili cha huko Masindi, akakaa kwenye ncha ya benchi. Sindano hakuitaja.

— Baba Musitafa, mutoto anakula nini?

— Matoke. Na muhogo.

— Samaki hapana?

— Samaki iko kila siku, mama. Mimi mwenyewe naleta kutoka Kahendero, kule ziwani.

— Ya jana, nani alikula?

Redio akatazama kikombe chake. Kasim akatazama reli. Kila mmoja kwake alikuwa na sahani ya samaki ya baba, na watoto hupata mchuzi tu. Badiru aibu ikamshika, aibu ya kweli.

Akainuka, kahawa ikabaki nusu.

— Twende, mama, akamwambia daktari. Mke wangu Ramula bado hajapakua samaki ya leo.