Maisha ya Dkt. Joan Cheptoo Oyoo, Aliyechunguza Pumzi ya Ningu

Wachungaji, wazee wetu, wamama wa kanisa na wote mliofika, mimi ni Kipkirui, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake yote, pamoja na yale yenye damu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda jambo lifunikwe.

Dkt. Joan Cheptoo Oyoo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972 hapa Sosiot, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Johana Chepyegon na Mama Chepkemboi, ambaye tuko naye hapa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi 1986, akamaliza sekondari mjini Kericho mwaka wa 1990, kisha 1992 akaingia chuo kikuu kule Njoro. Baba alitaka asomee mambo ya ng'ombe, lakini alirudi likizo na ndoo ya samaki wa mto Sondu, akaiweka jikoni kwa Mama na kumkataza kuipika, na tangu hapo tukajua amechagua.

Mwaka wa 1997 aliajiriwa kwenye kituo kidogo cha utafiti karibu na Kericho, akamchunguza ningu, yule samaki anayepanda mto kutoka ziwani wakati wa mvua ili kutaga mayai, akitaka kujua anaishi vipi maji yakipata joto na matope na hewa ikipungua ndani yake. Aligundua ya kwamba vifaranga wanaokulia kwenye maji mabaya hupanua mashavu yao, pale wanapopumulia, wakaishi, lakini nguvu ya kushindana na mkondo huwaishia. Kwa kazi hiyo alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 2006.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Kepher Oyoo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, mzaliwa wa upande wa ziwa, wakabarikiwa na watoto wawili, Akeyo na Kipngeno.

Tarehe 29 Januari 2008, wakati wa ile vita ya baada ya uchaguzi, vijana wa kwetu, wengine tukiwajua kwa majina, walivunja mlango wa nyumba yao, wakamkata Kepher kwa panga begani na mkononi, wakamwambia Cheptoo kwa Kipsigis, lugha yetu, "Toka, wewe ni wetu," naye akalala juu ya mume wake na kuwajibu, "Basi mnikate mimi kwanza, halafu mwende mkamwambie mama yangu." Hawakumkata, lakini walichoma nyumba, wakaenda kituoni wakapasua matangi yote ya vioo, samaki wakafa wakirukaruka kwenye vigae. Niliwabeba wote wanne kwa pikapu ya maziwa, chini ya turubai, hadi kwa wakwe zake, na kule nako akapigwa mawe sokoni kwa sababu ya lugha aliyozaliwa nayo. Kepher alipona, ila vidole vitatu alivipoteza. Mwaka wa 2010 walirudi, na Cheptoo akaanza utafiti wake upya.

Mwaka jana watu fulani walianza kumwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe mtoni, upande wa Sigowet, ili samaki waelee wawaokote na kuwauza, na watoto waliokula wakalazwa hospitali. Dada yetu aliwapasua samaki wale, akapeleka mahakamani mashavu yaliyoungua, na wakili wa washtakiwa alipomuuliza kwa kejeli kama samaki anaweza kutoa ushahidi, alijibu, "Ameshatoa, mimi namtafsiria tu." Kesi ikaendelea, na washtakiwa wakaachiliwa kwa dhamana.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, akichota maji ya kupima pamoja na mwenzake Maxine, wanaume watatu walimvamia kwa rungu, wakamvunja mbavu na fuvu, wakamsukuma mtoni, na Maxine, mkono wake ukiwa umevunjwa, akamvuta hadi ukingoni. Kabla ya kupoteza fahamu hospitalini aliniambia, "Kipkirui, mtu asichome nyumba kwa jina langu. Mimi nimeshachomewa, najua." Alifariki tarehe 3 Machi, alfajiri, Kepher akiwa kando ya kitanda.

Vijana mlio pale kwa lango, tumeona mlichobeba, na tumesikia mnakotaka kwenda mkitoka hapa. Mimi pia nilikuwa na petroli nyumbani. Niliimwaga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchumia chai na kutukamulia ng'ombe, wenzake wa kituoni, na Maxine aliyekuja na mkono kwenye plasta. Tunamshukuru pia Janeffer, mama ya Vinny, mmoja wa wale watatu waliomvamia dada yetu, ambaye alimshika mwanawe mkono, akamfikisha mwenyewe kituo cha polisi, na leo amekaa pale kati ya wamama wa kanisa, karibu na Mama yetu, na hapo ndipo atakapokaa hadi tumalize, kisha mimi na Kepher tutamsindikiza hadi mlangoni kwake.

Cheptoo, dada yetu, umechoka kupigwa, sasa pumzika, na Mungu akupe amani ambayo sisi hatukukupa.